Heshima na Ibada: Kipimo cha Sifa za Viongozi wa Dini katika Kiswahili

UTANGULIZI

Wiyoni ni mtaa wa pembezoni mwa mji wa Lamu, nje ya mitaa ya kale ya Mkomani na Langoni. Kila mwaka, katika mwezi wa Mfungo Sita, mji wa Lamu hupokea wageni wanaokuja kuhudhuria maulidi katika msikiti wa Riyadha, ulioko Langoni. Shughuli hizo zinapofikia ukingoni, watu huzuru kaburi la Habib Swaleh, mwanzilishi wa msikiti huo, kisha huandamana kwa zefe na matari. Mkristo wa bara aliyehamia mtaa kama Wiyoni kwa ajili ya kazi, akiutazama umati huo ukielekea kaburini, ni rahisi kulitoa shtaka moja fupi: ibada ya sanamu. Jirani yake Mwislamu naye hakosi la kujibu. Ni nani, atauliza, amwitaye mwanadamu Baba Mtakatifu? Ni nani abandikaye picha ya mhubiri wake sebuleni na garini, akamwita Nabii?

Mabishano ya namna hii hayafiki mbali, kwa sababu kila upande hupima mwenendo wa mwingine kwa majina na ishara, na hupima mwenendo wake wenyewe kwa nia ya moyo. Makala haya yanakusudia kuchunguza suala hilo kwa upande wa lugha. Swali ni hili: je, kumheshimu kiongozi wa dini hugeuka lini kuwa kumwabudu, na je, Kiswahili kina uwezo wa kuonyesha mahali mgeuko huo unapotokea? Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili kina uwezo huo, ila mpaka wenyewe haumo katika nomino na vyeo, ambamo wengi huutafuta. Mpaka umo katika vitenzi: nani anaombwa, nani anatenda, na nani anaweza kuambiwa kwamba amekosea.

MANENO NA MIPAKA YAKE

Kitenzi abudu kimetokana na mzizi wa Kiarabu uleule uliozaa neno abdi, yaani mtumwa au mtumishi. Ndiyo maana majina kama Abdallah na Abdulrahman huunganisha utumwa huo na jina la Mungu. Katika Kiswahili cha kila siku kitenzi hiki kimehifadhi mpaka wake kwa ukali. Mtu akisema kwamba fulani anamwabudu bosi wake, amemsuta, hakumsifu. Kumpa kitenzi hiki shamirisho ya mwanadamu ni kulaumu. Kwa hiyo katika ngazi ya sarufi na matumizi, mzungumzaji wa Kiswahili, awe wa dini yoyote, tayari anajua kwamba kuna kitendo kisichomstahili mtu.

Neno heshima ni la namna nyingine. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya haya na staha, na katika Kiswahili heshima ni mali ya watu wawili kwa pamoja: anayeheshimiwa na anayeheshimu. Mtu asiyemwamkia mkubwa wake hasemwi kuwa amempunguzia mkubwa huyo heshima tu. Husemwa kuwa yeye mwenyewe hana heshima. Mfano ulio wazi zaidi ni maamkizi ya shikamoo, ambayo asili yake hufasiriwa kuwa ni kushika miguu. Mamilioni ya watoto huyatamka maneno hayo kila asubuhi, na wakubwa huyapokea kwa kusema marahaba. Kwa maana ya maneno yenyewe, huyo ni mtu aliye chini ya miguu ya mwenzake. Kwa maana ya kijamii, ni mtoto aliyelelewa vyema. Wachungaji na mashehe wengi hawaoni shirki katika shikamoo.

Vyeo navyo vina historia ya kufundisha. Katika barua za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, mwandishi wa pwani alimrundikia aliyeandikiwa majina ya sifa kabla ya kufika kwenye shauri lenyewe la pembe, la nguo au la deni. Majina hayo yalitokana na mizizi ya heshima, ya karama na ya mapenzi. Kanisa Katoliki lilipohitaji vyeo vya Kiswahili kwa viongozi wake, lilichota kisima hichohicho: Mhashamu kwa askofu, kutokana na mzizi wa heshima, na Mwadhama kwa kardinali, kutokana na mzizi wa taadhima. Kwa hiyo Mkristo anayeshuku adabu za Waislamu wa Lamu mbele ya masharifu wao humwita askofu wake kwa lugha iliyofinyangwa katika adabu za pwani. Neno mtukufu nalo limetembea mbali zaidi. Husemwa Qurani Tukufu na Mtume Mtukufu, na katika Kenya ya Daniel arap Moi (1978–2002) redio ilimtaja Mtukufu Rais kila siku. Mtumishi wa Mungu, kwa upande wake, ni jina la unyenyekevu kabisa kwa maana yake, lakini katika makanisa mengi ya kilokole limekuwa cheo cha kumwinua mhubiri. Nomino, basi, hupanda na kushuka. Haitoshi kuwa ushahidi.

Hata maneno ya shtaka lenyewe yana utata. Kwa Kiarabu, neno lililozaa sanamu lina maana ya kitu kinachoabudiwa. Kwa Kiswahili maana hiyo imepanuka, na sanamu ni umbo lolote lililochongwa au kufinyangwa, liwe la bustanini au la dukani. Matokeo yake ni kwamba maneno ibada ya sanamu humwelekeza msikilizaji atafute kitu: kinyago, picha, kaburi. Akikosa kitu, hudhani hakuna kosa. Neno ibada pia si jepesi. Kanisani kuna ibada ya Jumapili, ibada ya mazishi na ibada ya kumsimika askofu, na katika maneno hayo kiunganifu -a hakisemi kwamba marehemu au askofu anaabudiwa. Katika ibada ya sanamu kiunganifu hichohicho kinasema hivyo hasa. Vivyo hivyo maulidi ya Habib, kama yanavyoweza kuitwa na mtu wa mitaani, ni maulidi ya Mtume yaliyoanzishwa na Habib.

Mfano wa mwisho ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwa na fungu pamoja. Kwa Mwislamu mzizi huo umezaa shirki, dhambi kubwa kuliko zote. Kwa Mkristo wa Kianglikana umezaa Ushirika Mtakatifu, tendo lililo moyoni mwa imani yake. Kwa mwanakijiji umezaa chama cha ushirika cha wakulima, na ushirikina umeishia kuwa jina la uganga na uchawi. Hapa pana onyo kwa yeyote anayetaka kumhukumu jirani yake kwa neno moja lililong'olewa mahali pake.

LAMU NA HABIB SWALEH

Habib Swaleh bin Alawi, wa ukoo wa Jamalil-Leil, alizaliwa Ngazija, akahamia Lamu katika karne ya 19. Ukoo wake ni wa masharifu, yaani watu wanaonasibishwa na kizazi cha Mtume, na asili yake ni Hadhramaut. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, ukawa chuo kilichovuta wanafunzi kutoka pande nyingi za Afrika ya Mashariki. Habib Swaleh alifariki katika miaka ya 1930.

Sifa zake haziwezi kueleweka bila kuangalia mji alioukuta. Lamu ya wakati huo ilikuwa na waungwana waliomiliki nyumba za mawe, mashamba na elimu ya dini, na chini yao palikuwa na watumwa, watumwa walioachwa huru, na wageni. Habib Swaleh anakumbukwa kwa kuwafundisha watu hao wa chini na kukaa nao. Aliingiza pia maulidi yaliyotungwa na Habib Ali al-Habshi wa Seiwun (aliyefariki 1915), yakasomwa kwa kupigiwa matari, ilhali waungwana walikuwa wamezoea maulidi ya Barzanji. Ubishi ukazuka: je, ngoma yafaa msikitini? Abdul Hamid el-Zein, katika kitabu chake juu ya dini ya Lamu kilichotoka mwaka 1974, ameonyesha kwamba chini ya ubishi huo wa ibada palikuwa na ushindani wa matabaka juu ya nani ana haki ya kusema kwa niaba ya dini.

Maelezo hayo yanasaidia, lakini hayatoshi kwa mhakiki wa lugha. Yanaeleza kwa nini watu walimpenda Habib. Hayaelezi mapenzi hayo yalisemwaje. Mapokeo ya utungaji wa Lamu na Pate yana mpangilio unaojulikana na kila msomaji wa tenzi: mtunzi huanza kwa jina la Mungu na kumshukuru, humsalia Mtume, na baada ya hapo tu huingia katika jambo lake. Mwishoni hurudi tena katika dua. Sifa za mwanadamu, hata zikiwa nyingi kiasi gani, hukaa kati ya milango miwili iliyo mikononi mwa Mungu. Mpangilio huo ni sehemu ya fani, lakini unabeba maudhui. Unamwambia msikilizaji kwamba anayesifiwa naye ni kiumbe aliyepewa. Hamziya ya Kiswahili iliyofasiriwa na Aidarusi kutoka shairi la al-Busiri ni miongoni mwa kazi za kale kabisa za Kiswahili tulizorithishwa, na ni sifa za Mtume tangu mwanzo hadi mwisho; hata hivyo wenyeji wa pwani hawakuisoma kamwe kama maneno ya kumfanya Mtume kuwa Mungu.

Wapinzani wa sherehe hizi hawakuwa Wakristo kwanza. Walikuwa Waislamu. Shehe Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), kwa kalamu yake na kwa gazeti lake la Al-Islah lililoanza mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu watenganishe dini na mazoea. Shehe Abdallah Saleh Farsy (1912–1982), Kadhi Mkuu wa Kenya na mfasiri wa Qurani kwa Kiswahili, aliandika waziwazi kupinga bidaa. Lakini Farsy huyohuyo ndiye aliyeandika kitabu cha maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, kilichotoka mwaka 1972. Ni kitabu cha heshima: kinataja walimu wao, safari zao, vitabu walivyosoma, wanafunzi waliowaacha. Jambo hili halina mgongano. Farsy hakukataa kuwaheshimu wacha Mungu. Aliiondoa heshima hiyo kaburini akaiweka katika ukurasa, mahali ambapo aliyeheshimiwa anaweza pia kusahihishwa, na yeye mwenyewe hakusita kusahihisha. Kumsahihisha mtu bila kumvunjia heshima ni kazi ngumu. Itaonekana hapa chini kwamba ndiyo kazi inayoamua suala zima.

BIBLIA NA BARAZA LA NIKEA

Wakristo nao walikwisha kugombana juu ya jambo hili karne nyingi kabla Kiswahili hakijafasiriwa Injili. Katika Kiebrania cha Agano la Kale kitenzi kimoja hutumika kwa kumwinamia Mungu na kwa kumwinamia mtu. Ibrahimu anapowainamia Wahethi ili auziwe mahali pa kumzika Sara, anafanya kwa kitenzi kilekile cha ibada. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Muungano (1952) walilazimika kuchagua, na hapo wakasema Ibrahimu aliinama. Lakini katika Agano Jipya, ambamo Kiyunani pia kina kitenzi kimoja, uchaguzi wao haukuwa wa namna hiyo. Mamajusi wanamsujudia mtoto Yesu. Yule mtumwa wa mfano wa deni kubwa anamsujudia mfalme wake. Kornelio anamsujudia Petro. Kitenzi ni kimoja, shamirisho ni tatu, na hukumu ni tatu. Mamajusi wanasifiwa. Mtumwa halaumiwi. Kornelio anainuliwa na Petro, anayemwambia kwamba yeye naye ni mtu. Kama kusujudu pekee kungekuwa ndiyo ibada, mtumwa yule angekuwa mwenye hatia, na hapana mfasiri wala mhubiri aliyemhesabia hatia hiyo.

Msomaji makini ataona kwamba katika kisa cha Kornelio jibu ndilo lililoamua maana ya tendo. Petro alikataa. Malaika katika Ufunuo pia alimkataza Yohana, na Paulo na Barnaba katika mji wa Listra walirarua mavazi yao watu walipotaka kuwatolea dhabihu. Katika visa hivi vyote mwenye kuheshimiwa ndiye aliyeuchora mpaka kwa kinywa chake.

Kanisa la kale lilijaribu kuuchora kwa istilahi. Baraza la Pili la Nikea, mwaka 787, liliamua kwamba picha za watakatifu zaweza kupewa taadhima, na kwamba ibada yenyewe ni ya Mungu peke yake. Kiyunani kilikuwa na maneno mawili tofauti kwa mambo hayo mawili. Lakini maamuzi hayo yalipofika kwa Wafaranki yalikuwa yamefasiriwa vibaya kwa Kilatini, na neno moja likawa limebeba maana zote mbili. Wanavyuoni wa Charlemagne walisoma humo kwamba picha zinaabudiwa, wakaandika kitabu kizima cha kupinga, na mkutano wa Frankfurt wa mwaka 794 ukalaani jambo ambalo Baraza halikuwa limelisema. Kwa idara ya lugha kisa hiki kina thamani kubwa. Sehemu mbili za Kanisa zilifarakana juu ya heshima na ibada, na sehemu ya chanzo cha ugomvi ilikuwa tafsiri mbovu. Kiswahili, chenye heshima, taadhima, utukufu, kusujudu na kuabudu, kina akiba ya kutosha kuepuka kosa hilo, mradi waandishi na wahubiri wasiyatumie maneno hayo kana kwamba ni neno moja.

Hata hivyo pingamizi la Waprotestanti halipaswi kupuuzwa. Calvin alisema kwamba tofauti za istilahi za wanateolojia hazisaidii kitu iwapo katika matendo watu huwatendea watakatifu yaleyale wanayomtendea Mungu. Pingamizi hili lina nguvu kwa sababu limeacha nomino na kwenda kwenye tendo. Kanisa Katoliki lenyewe limelikubali kwa njia yake. Tangu maagizo ya Papa Urbano wa Nane mwaka 1634, mtu hawezi kutangazwa mwenye heri kwa utaratibu wa kawaida mpaka ithibitishwe kwamba hajapewa ibada ya hadhara kabla ya wakati. Julius Nyerere, aliyefariki mwaka 1999 na kuzikwa Butiama, ana kesi ya namna hiyo iliyofunguliwa katika jimbo la Musoma mwaka 2005, na tangu hapo huitwa Mtumishi wa Mungu. Watanzania wanaomwita Mwalimu na Baba wa Taifa wana uhuru wa kumheshimu kadiri wapendavyo. Lakini wale wanaotaka atangazwe mtakatifu ndio hasa wanaotakiwa wasimpe ibada ya hadhara. Utaratibu huo unakiri jambo moja: kwamba heshima ikiachwa bila mlinzi inaweza kuteleza.

KUOMBA NA KUOMBEA

Kiswahili kinampa mhakiki chombo ambacho Kilatini hakikuwa nacho. Ni ule mnyambuliko wa kutendea. Kuna umbali mkubwa kati ya kuomba na kuombea. Anayemwambia marehemu mcha Mungu utuombee amemfanya marehemu huyo kuwa mwombaji. Kiambishi kimoja kimemweka upande wa waja, na mtoaji amebaki mmoja. Anayemwambia utupe, utuponye, utusamehe, bila kutaja mwingine, amemweka upande wa mtoaji. Tofauti hii inavuka dini. Mkatoliki katika litania na Mwislamu katika ziara wote wawili wanaweza kupimwa nayo, na wote wawili wanaweza kukutwa salama au wamekosa. Mrekebishaji wa Kiislamu au Mprotestanti bado ana haki ya kusema kwamba hata kumwomba marehemu akuombee hakuna msingi katika Maandiko. Lakini hilo ni shtaka la bidaa, yaani la kuzua. Si shtaka la kuabudu kiumbe, na mwandishi mwaminifu hatayachanganya mashtaka hayo mawili.

Kipo pia kitenzi kidogo kuliko vyote, nacho ni ni. Viongozi wengi wa dini husifiwa kwa tashbihi: ni kama baba, ni kama taa, ni kama bahari. Sifa huwa imevuka ng'ambo ya pili inapoiacha kama na kubaki na ni peke yake. Simeo Ondeto, aliyeongoza Legio Maria iliyojitenga na Kanisa Katoliki huko Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na aliyefariki mwaka 1991, ni mfano. Kwa wafuasi wake Ondeto hakuwa kama Kristo. Alikuwa Kristo aliyewarudia Waafrika. Wao wenyewe hawawezi kukubali kwamba wanaabudu kiumbe, kwa sababu kwa imani yao hakuwa kiumbe tu. Mhakiki hana mamlaka ya kuwahukumu, lakini ana wajibu wa kuonyesha kwamba hapa si suala la heshima iliyozidi. Ni utambulisho mpya kabisa, na waliokosa kuiona tofauti hiyo walidhani wanabishana juu ya taadhima, kumbe wanabishana juu ya nani ni nani.

KUTII

Vitenzi vilivyotajwa mpaka hapa ni vya kinywa na vya mwili. Kimebaki kimoja ambacho hakina ishara ya nje, na ambacho kwa hiyo ni hatari kuliko vyote: kutii.

Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, yalianza kufukuliwa makaburi ya waumini wa mhubiri mmoja wa Kikristo. Miili iliyopatikana ilipindukia 400, na kati yake ilikuwamo ya watoto wengi. Mashtaka yaliyofunguliwa mahakamani, ambayo mhubiri huyo na wenzake waliyakana, yalidai kwamba watu waliagizwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mtu aliyezoea kutafuta sanamu angeutembea msitu huo asione hata moja. Hapakuwa na kuba, wala ubani, wala zefe, wala matari. Palikuwa na watu walioiacha ardhi yao, shule za watoto wao na hospitali kwa sababu ya neno la mtu.

Utamaduni wa pwani unathamini utii. Husemwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mtoto aliyelelewa kwa methali hiyo hujifunza kunyamaza mkubwa anaposema. Lakini pwani hiyohiyo, iliyokuwa na manahodha, ilitunga methali nyingine: usisafirie nyota ya mwenzio. Methali ya kwanza inamlinda mdogo dhidi ya ujinga wake. Ya pili inamlinda dhidi ya mkubwa aliyepotea njia. Jamii inayobaki na ya kwanza peke yake imekwisha kutengeneza nafasi ambayo hastahili kuikalia mwanadamu, hata kama haijatamka neno abudu.

Kwa hiyo heshima hugeuka kuwa ibada pale muumini anaponyang'anywa kitenzi cha kuuliza. Farsy aliwaheshimu wanavyuoni na bado akawasahihisha. Petro aliheshimiwa, akamwinua aliyemheshimu. Katika visa hivyo viwili heshima iliacha mlango wa kusema hapana, kwa upande wa mtoaji au wa mpokeaji. Mlango huo ukifungwa, haijalishi tena kama kiongozi huyo anaitwa Habib, Mhashamu, Nabii au kaka tu.

HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba vyeo na ishara, ambavyo ndivyo hukamatwa kwanza katika mabishano ya dini, ni ushahidi dhaifu. Kwamba Kiswahili kimepokea lugha moja ya adabu na kuwapa Waislamu na Wakristo waigawane. Na kwamba mpaka kati ya heshima na ibada huonekana vizuri zaidi katika vitenzi. Mhakiki anayesoma kasida, litania, wimbo wa kwaya au tangazo la mkutano wa injili anaweza kuuliza maswali matatu. Je, anayesifiwa anaombwa, au anaombewa na kuombea? Je, amefananishwa, au ametambulishwa? Je, katika maandishi hayo kuna mahali popote ambapo anaweza kuambiwa amekosea?

Maswali haya hayatamaliza ugomvi wa Wiyoni. Mwislamu wa Riyadha na mrekebishaji wa Mombasa wataendelea kutofautiana juu ya maulidi, na Mlokole na Mkatoliki juu ya watakatifu. Lakini maswali hayo yana faida moja ambayo shtaka la ibada ya sanamu halina: hayawezi kuulizwa juu ya jirani bila kuulizwa juu ya nafsi. Yule mgeni wa bara aliyesimama akitazama zefe, akiyachukua maswali hayo matatu hadi kaburi la Habib Swaleh, itampasa ayachukue pia hadi kanisani kwake Jumapili, amsikilize mhubiri wake, na ajiulize ni lini mara ya mwisho mtu yeyote humo ndani alithubutu kumwambia hapana.